Jinsi ya Kuukumbuka Ushindi Mkubwa Bila Kuupotosha: Red Sox na Usiku wa 17 Oktoba 2004

Mashabiki wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox wakikaa pamoja, mwaka 2004 lazima utajwe, na ukishatajwa ubishi hauko mbali. Mmoja atasema Dave Roberts aliiba kituo, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mwenzake apige mpira, kisha akafunga pointi ya ushindi. Mwingine ataapa kwamba David Ortiz aliimaliza mechi ile katika iningi ya 14 (iningi ni duru ambayo kila timu hupata zamu ya kupiga; mechi ya kawaida ina tisa). Wa tatu anaikumbuka soksi yenye damu ya mrushaji Curt Schilling usiku uleule. Wote watatu wamekosea, na wote watatu wanaipenda timu kwa moyo mmoja. Wamezifunga mechi tatu katika furushi moja, kwa sababu akili hushika kilele na kuiachia njia iliyotufikisha huko.

Njia hiyo ndiyo tamu. Hapa tunaeleza namna ya kuandaa kikao cha saa tatu cha kuukumbuka ushindi mmoja wa besiboli, kwa watu wanne hadi wanane, mkaondoka na karatasi iliyojaa na habari iliyonyooka. Mfano wetu ni mechi ya 4 ya fainali ya ligi ya American kati ya Red Sox na New York Yankees, uwanjani Fenway Park. Utaratibu huu unafaa mechi yoyote.

Chagua mechi moja, si msimu

Kosa la kwanza ni kuita watu "tukumbuke 2004". Hapo mtaruka kutoka Fenway hadi St. Louis ndani ya dakika kumi na hakuna kitakachoeleweka. Chagua mechi moja, tena iwe ile ambayo timu ilikuwa ukingoni na tendo dogo likaigeuza.

Mechi iliyoleta kombe mara nyingi si chaguo bora. Tarehe 27 Oktoba 2004 Red Sox waliifunga St. Louis Cardinals 3-0 na kuchukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1918, miaka 86. Ni usiku wa kushangilia mpaka kesho. Lakini Johnny Damon alipiga homurani, pigo linalovuka uzio na kumfikisha mpigaji nyumbani, akiwa mpigaji wa kwanza kabisa, Boston wakaongoza tangu hapo hadi mwisho. Hakuna fundo la kufungua. Mechi ya 4 dhidi ya Yankees ni tofauti: Boston walikuwa nyuma kwa mechi 0-3, usiku uliotangulia walikuwa wamechapwa 19-8 nyumbani, na katika besiboli ya ligi kuu hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka 0-3 ikashinda mfululizo wa mechi saba, ambao hushindwa na anayetangulia kupata ushindi nne. Waliingia iningi ya tisa wakiwa nyuma 3-4, na anayerusha ni Mariano Rivera wa Yankees.

Wala si lazima timu iwe ilibeba kombe. Wazee wa Boston bado wanaishi na mechi ya 6 ya mwaka 1975 dhidi ya Cincinnati Reds, ambayo Carlton Fisk aliimaliza 7-6 kwa homurani ya iningi ya 12. Keshoye wakafungwa mechi ya 7, na ushindi ule haukupungua thamani. Kama kikaoni kuna mtu mwenye umri wa kuikumbuka, mpeni nafasi hiyo siku nyingine, peke yake. Msiibane katika dakika za mwisho.

Kumbukumbu kwanza, video baadaye

Huu ndio msingi wa kazi yote, na ndio unaovunjwa mara nyingi. Mtu akishaona video, hawezi tena kutenganisha alichokibeba miaka ishirini na alichokiona sasa hivi. Basi simu zikae mfukoni, televisheni izimwe, kila mmoja apewe karatasi na kalamu ya wino. Penseli haifai hapa, kwa kuwa watu hufuta wakishasikia jirani yao anasema nini. Toa dakika ishirini, kimya, wajibu haya:

Ulikuwa wapi, na nani? Matokeo yalikuwaje kabla ya tendo unalolikumbuka? Nani alikuwa anarusha, nani anapiga? Wapigaji wangapi walikuwa wameshatoka? Nini kilitokea mara tu baada ya hapo?

Swali la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Kila mtu anakumbuka Roberts akijitupa kwenye kituo cha pili. Waulize iningi iliishaje, utaona kalamu zimesimama.

Mtu akikwama kwenye tarehe, msaidie kwa jambo la nje ya uwanja. Tarehe 8 Oktoba 2004, siku Wangari Maathai alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, ndiyo siku Ortiz alipowatoa Anaheim Angels kwa homurani ya iningi ya kumi. Mechi ya 4 na Yankees ilikuja siku tisa baadaye, Jumapili, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Mkenya wa Lowell au Worcester, miji iliyo jirani na Boston, atakumbuka pia kwamba ndio mwaka Timothy Cherigat na Catherine Ndereba walioshinda mbio za Boston mwezi Aprili. Alama kama hizi hufungua mlango ambao "unakumbuka nini?" haiufungui.

Kuna mtego wa saa. Mechi ile ilidumu saa 5 na dakika 2 na ikaisha saa 7:22 usiku, saa za Boston, kwa hiyo ilianza tarehe 17 na kumalizika tarehe 18. Mechi ya 5 ikachezwa jioni ya tarehe hiyohiyo 18, na Ortiz akaimaliza nayo, katika iningi ya 14, kabla ya usiku wa manane. Yaani kwa kalenda ya Boston, ushindi wote wawili uliangukia siku moja. Ndiyo maana watu wanaichanganya iningi ya 12 na ya 14. Jamaa aliyekuwa akifuatilia kutoka Nairobi au Dar es Salaam ana tarehe zake: Oktoba tofauti ni saa saba, hivyo kwake mechi ya 4 ilianza saa 9:20 alfajiri ya Jumatatu na kuisha saa 2:22 asubuhi. Akisema "ilikuwa asubuhi, nachelewa kazini", msimpinge.

Karatasi ya alama

Bila karatasi ya alama kikao kinakuwa soga tu. Soga ni tamu, lakini haimalizi ubishi.

Chukua karatasi mbili za A3, moja kwa kila timu, uzilaze. Upande wa kushoto acha milimita 60 kwa majina. Chora safu wima 12 za milimita 25 kila moja, moja kwa kila iningi. Karatasi za kununua huwa na iningi tisa au kumi tu, na ushindi mkubwa una tabia ya kupita hapo. Kwenda chini, chora mistari tisa ya wapigaji, kila mmoja urefu wa milimita 25, na sehemu ya jina igawe mara tatu ili wanaoingia badala wapate pa kuandikwa. Watu wengi huacha nafasi ya jina moja, na karatasi inavurugika mabadiliko yakianza. Ndani ya kila kisanduku chora almasi ndogo: pembe ya chini ni nyumbani, kulia kituo cha kwanza, juu cha pili, kushoto cha tatu.

Walinzi wanaandikwa kwa namba. 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 kituo cha kwanza, 4 kituo cha pili, 5 kituo cha tatu, 6 shotistopu anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, 7 uwanja wa kushoto, 8 katikati, 9 kulia. Angalia 5 na 6. Mgeni hudhani namba zinafuata mzunguko wa uwanja, kumbe shotistopu anakuja baada ya kituo cha tatu. Alama zenyewe ni chache: BB ni kupewa kituo cha kwanza kwa mipira minne mibaya, K ni kutolewa kwa straiki tatu, SB ni kuiba kituo, SAC ni bunti (pigo la kuugusa mpira tu) ya kujitoa ili mwenzako asogee, E na namba ni kosa la mlinzi huyo, HR ni homurani. PR ni mkimbiaji aliyeingizwa badala, PH ni mpigaji aliyeingizwa badala.

Sasa jazeni pamoja nusu ya pili ya iningi ya tisa, Boston wakipiga. Nenda polepole, hapa ndipo penye nyama.

Mstari wa 7, Kevin Millar. BB. Vuta mstari kutoka pembe ya chini hadi ya kulia. Rivera, mrushaji aliyekuwa akiogopwa kuliko wote katika kuzimaliza mechi timu yake ikiongoza, ameanza kwa kumpa mtu kituo cha bure. Chini ya jina la Millar andika Roberts, PR, iningi ya 9. Roberts alikuwa amenunuliwa kutoka Los Angeles Dodgers siku ya mwisho ya usajili, 31 Julai, na msimu huo alikuwa ameiba vituo 38 katika majaribio 41. Uwanja mzima ulijua amekuja kufanya nini. Rivera alimrushia mlinzi wa kituo cha kwanza mara tatu kumrudisha. Matendo hayo matatu hayana alama kwenye karatasi, lakini yaandike pembeni, kwa kuwa yanaeleza kilichofuata: mpira wa kwanza kwenda kwa mpigaji, Roberts akaondoka. Mdakaji wa Yankees, Jorge Posada, akautupa kituo cha pili, shotistopu Derek Jeter akaudaka na kugusa, Roberts ameshafika. Vuta mstari kutoka kulia hadi juu, andika SB.

Mstari wa 8, Bill Mueller. Mpira wake ulipita katikati, ukampita Rivera, ukaingia uwanja wa katikati: mstari mmoja hadi kituo cha kwanza, na namba 8. Rudi kwenye kisanduku cha juu yake, malizia almasi ya Roberts kutoka juu hadi kushoto hadi chini, ijaze rangi. 4-4. Pointi hiyo ni ya Roberts, si ya Millar. Asiyeandika jina la Roberts mapema anampa Millar pointi ambayo hakuifunga.

Wengi wanafunga karatasi hapa. Msifunge. Mstari wa 9, Doug Mientkiewicz anaingia badala ya Mark Bellhorn, PH, anapiga bunti: SAC, auti ya kwanza (auti ni mchezaji kutolewa; tatu zinamaliza zamu ya timu), Mueller yuko cha pili. Mstari wa 1, Damon anapiga mpira wa chini, Tony Clark wa kituo cha kwanza anaukosa: E3, Mueller yuko cha tatu. Orlando Cabrera, K, auti ya pili. Manny Ramirez, BB, vituo vyote vimejaa. Anakuja Ortiz, kila mtu wima, na anapiga mpira wa juu mfupi unaodakwa na mlinzi wa kituo cha pili. Auti ya tatu.

Litazameni hilo kwa pamoja. Mtu aliyekuja kuwa shujaa saa ile ya usiku ndiye aliyeshindwa kuimaliza mechi katika iningi ya tisa. Ukimrudishia Ortiz auti hiyo, homurani yake ya iningi ya 12 inakuwa nzito maradufu. Hatujaona kikumbusho kinachobadilisha mazungumzo kuliko hiki.

Iningi ya kumi ndiyo inayoharibu karatasi nyingi. Roberts anatoka, Pokey Reese anaingia nafasi yake ya kupiga, mstari wa 7, lakini analinda kituo cha pili. Mientkiewicz anabaki mstari wa 9 na kulinda kituo cha kwanza. Yaani walinzi wamebadilishana mistari. Ukiandika Reese mstari wa 9 kwa sababu Bellhorn ndiye aliyekuwa mlinzi wa kituo cha pili, wapigaji wote watakaofuata watakuwa wamepishana na karatasi haitalingana na rekodi. Kumbuka: mstari ni zamu ya kupiga, namba ni mahali pa kulinda. Ni vitu viwili.

Iningi ya 12: Ramirez anapiga kufika kituo cha kwanza, Ortiz HR upande wa kulia dhidi ya Paul Quantrill, hakuna auti hata moja. Jazeni almasi mbili. 6-4.

Kuuonyesha wizi wa kituo kwa macho

Daima kuna mgeni, au mtoto, asiyeelewa kwa nini hatua za kukimbia zimezua kelele za miaka ishirini. Maneno hayatoshi. Toka nje na kamba.

Kutoka kituo hadi kituo ni mita 27.43. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka nyumbani, na kutoka kwa mdakaji hadi kituo cha pili ni karibu mita 38.8. Mkimbiaji huanza akiwa ameshasogea kama mita 3 na nusu. Weka kigingi kituo cha kwanza, kingine mita 27.43 mbele, na alama ya mkimbiaji. Mwenye saa ya kusimamisha muda ahesabu hivi: mrushaji mwepesi huhitaji kama sekunde 1.3 kuufikisha mpira kwa mdakaji, na mdakaji mzuri huhitaji kama sekunde 2 kuudaka na kuufikisha kituo cha pili. Jumla 3.3. Mkimbiaji ana muda huo tu. Mwache kijana mwenye mbio zaidi ajaribu. Wengi watafika sekunde nne na zaidi, na hapo hakuna anayehitaji maelezo mengine.

Kama hamna uwanja, pima mita 4 za mwisho tu, weka kitambaa cha sentimita 38 kwa 38 kiwe kituo cha wakati ule, mwonyeshe Jeter alisimama wapi na mkono wa Roberts uliingia wapi. Msijirushe kwenye saruji. Goti halina akiba.

Video, kwa vipande

Mechi nzima ni saa tano. Usiiweke yote, watu watasinzia kabla ya iningi ya nne. Iningi ya tatu mwambie tu mwenye kuandika kwamba Alex Rodriguez alipiga homurani ya pointi mbili. Onyesha nusu ya pili ya iningi ya tano Boston walipofunga tatu, ya tisa yote, na ya 12. Ya tisa iwekwe mara mbili: kwanza bila sauti, watu wataje wenyewe kila kinachotokea, kisha kwa sauti. Mtangazaji huwaambia watu wakumbuke nini, na kimya kinawarudishia macho yao.

Simamisha kabla ya mpira wa kwanza kwa Mueller. Uliza: auti ngapi, nani yuko kituoni, nani analinda nini? Asiyeweza kujibu atazame karatasi. Ndipo uachie.

Pale video isipoonyesha vizuri, tumieni rekodi ya tendo kwa tendo. Retrosheet, kikundi cha watu wanaojitolea, huziweka bure mtandaoni. Karatasi yenu isipolingana nayo, kosa karibu kila mara liko kwenye mabadiliko ya wachezaji.

Kumaliza ubishi

Rudini kwenye karatasi za wino, kila mtu asome yake, mkiweka alama nyekundu palipopishana. Haya ndiyo yanayojitokeza zaidi.

Roberts alifunga pointi ya ushindi: hapana, ya kusawazisha. Na alirudia kazi hiyo mechi ya 5, iningi ya nane, akimkimbilia Millar tena. Safari hiyo hakuiba. Alikwenda cha tatu kwa pigo la Trot Nixon na kufunga Jason Varitek alipopiga mpira wa juu uliodakwa. Anayekumbuka "Roberts hakuiba, alikwenda moja kwa moja" hakukosea, ametoka mechi nyingine.

Rivera ndiye aliyeshindwa mechi: hapana, alipoteza uongozi aliopewa kuulinda. Aliyeandikiwa kushindwa ni Quantrill, na aliyeandikiwa ushindi kwa Boston ni Curtis Leskanic, jina ambalo karibu hakuna anayelitaja. Litajeni.

Homurani ya Ortiz ilipita juu ya ukuta mrefu wa kijani: hiyo ni ya tarehe 8 dhidi ya Angels, upande wa kushoto. Ya tarehe 17 ilikwenda kulia. Zote mbili zilikuwa za pointi mbili, zote ziliimaliza mechi baada ya iningi tisa, zote Fenway. Upande ndio unaozitofautisha.

Soksi ya Curt Schilling ni mechi ya 6, tarehe 19, New York.

Msahihishe mtu kwa upole, na usiifute karatasi yake. Andika kando "mechi ya 5" au "8 Okt." na uiache. Kosa lake mara nyingi ni kumbukumbu ya kweli ya mechi nyingine, na mechi hiyo inaweza kuwa kikao kijacho.

Aliye mbali akijiunga kwa simu, mtumie picha ya karatasi tupu siku moja kabla, ajaze kwa wino kama wengine na apige picha kabla ya video kuanza. Video ichezwe upande mmoja tu. Ikichezwa pande zote mbili, mmoja atashangilia sekunde kadhaa kabla ya mwingine.

Mwisho andikeni juu ya karatasi ya A3 tarehe zote mbili, ya mechi na ya kikao, na majina ya waliokuwepo. Ipigeni picha wima, taa ikiwa pembeni ili wino usimeremete, na zile za wino zibanwe nyuma yake. Ikae bapa kwenye bahasha, mbali na jua. Ikikunjwa, mkunjo huwa unapita kwenye safu ya iningi ya sita au ya saba, na baada ya miaka michache maandishi ya hapo hayasomeki tena.